Nyeusi ya tyubu au nyeusi ya kuchanganya: ipi itakukolezea kivuli?

Mchore mama aliyekaa barazani Kariakoo saa nane mchana, kivuli cha shavu lake ukikoze kwa rangi nyeusi ya wasanii iliyotoka moja kwa moja kwenye tyubu, halafu rudi nyuma hatua chache utazame. Macho yako mahali pake, pua imekaa vizuri, lakini ngozi imepauka kama ya mtu aliyetoka kuogelea baharini na hajapaka mafuta. Mteja akija kuchukua picha yake hatakuambia habari za rangi. Atasema tu, "Kaka, mbona nimefubaa hivi?" Kivuli hichohicho ukikipaka bluu ya altramarini iliyochanganywa na kahawia ya udongo, shavu linarudi kuwa shavu.

Chanzo kiko kwenye tabia ya nyeusi yenyewe. Nyeusi nyingi za tyubu zikikutana na nyeupe hutoa kijivu chenye ubluu, na zikikutana na manjano hutoa kijani cha zeituni. Ngozi zetu tunazichanganya kwa manjano ya udongo, nyekundu na nyeupe kidogo. Ukitia nyeusi humo, umetia bluu hafifu na kijani kwa mpigo mmoja, na vyote viwili vinaua wekundu uliokuwa unaibeba ngozi.

Ndiyo maana wapo walimu ambao siku ya kwanza tu humwambia mwanafunzi aitupe nyeusi. Ushauri huo una asili yake. Wachoraji wa Ufaransa wa miaka ya 1870, Claude Monet akiwamo, waliiweka nyeusi kando wakawa wanachora vivuli kwa bluu na zambarau, na tangu hapo jambo hilo limerithiwa kama amri. Mimi siifuati. Édouard Manet, aliyekuwa karibu nao, aliendelea kuitumia nyeusi kwa raha zake. Velázquez wa Hispania na Rembrandt wa Uholanzi walishaitumia karne ya 17, na hakuna anayesema picha zao zimefubaa. Anders Zorn wa Uswidi (1860–1920) anajulikana kwa paleti ya rangi nne: nyeupe, manjano ya udongo, nyekundu ya vamilioni na nyeusi. Humo nyeusi ndiyo iliyoshika nafasi ya bluu. Cha kuuliza, basi, ni nyeusi ipi, inakaa wapi, na imepakana na nini.

Kabla ya kulinganisha, tuliweke kando kopo. Ukiingia duka la hadiwea ukaomba rangi ya mafuta nyeusi utapewa rangi ya kung'aa ya mageti na milango. Ina heshima yake hapa mjini: Edward Saidi Tingatinga alianza nayo mwaka 1968, akipaka juu ya hadibodi na kuuzia Oysterbay, na warithi wa mtindo wake bado wanaitumia. Kwa mnyama mwenye mstari safi juu ya rangi bapa, sijaona kinachoishinda. Lakini hukauka haraka na kuwa gamba gumu. Ukiipaka juu ya rangi ya tyubu ambayo bado ni mbichi ndani, gamba hilo litapasuka. Kwa hiyo ama ufanye kazi yote kwa kopo, ama yote kwa tyubu. Ninayoyasema kuanzia hapa ni ya tyubu, rangi ya wasanii iliyosagwa kwa mafuta ya kitani.

Zinazolinganishwa

Majina ya kwenye tyubu hubadilika kutoka kiwanda hadi kiwanda, kwa hiyo geuza tyubu usome herufi na namba ndogo za nyuma. Hizo hazibadiliki.

Nyeusi ya tyubu ni aina tatu. PBk9 ni mkaa wa mifupa ya wanyama, iliyochomwa pasipo hewa kisha ikasagwa. Zamani zilichomwa pembe za ndovu, na jina la pembe limeng'ang'ania kwenye tyubu hadi leo ingawa ndovu hayumo. PBk6 na PBk7 ni masizi, yaleyale yanayoganda kwenye kioo cha kandili, kaboni karibu tupu. PBk11 ni oksidi ya chuma ya kiwandani, huitwa nyeusi ya Mars. Watu huzichukulia kuwa kitu kimoja kwa kuwa zote ni nyeusi dukani, na hapo ndipo lawama nyingi dhidi ya "nyeusi" zinapoanzia.

Mshindani wa pili ni altramarini (PB29) na amba ya kuchomwa (PBr7). Amba ni udongo wenye chuma na manganizi, uliochomwa hadi ukaiva kahawia nzito. Angalizo: PBr7 ni namba ya udongo wa aina nyingi, hata siena ya kuchomwa mara nyingi huandikwa hivyo, kwa hiyo hapa namba peke yake haitoshi. Tazama na rangi yenyewe.

Wa tatu ni kijani cha thalo (PG7) na nyekundu ya krimzoni. Krimzoni ya zamani ni alizarini, PR83. Siku hizi zipo PR177 na PV19 zinazofanya kazi ileile. Tofauti yao ni kubwa kuliko inavyoonekana ukiwa dukani.

Bluu ya Prusia na siena ya kuchomwa nayo hutoa giza zuri, la ukijani-ukijani. Nitaigusa tukifika baharini usiku, basi.

Kina

Fanya jaribio hili kabla ya kumwamini yeyote, mimi nikiwamo. Chukua kipande cha hadibodi kilichopakwa nyeupe ya msingi kikakauka. Weka mabonge manne, la masizi, la mkaa wa mifupa, na moja moja la michanganyiko ile miwili, kisha livute kila moja kwa kisu: upande mmoja liwe nene, upande wa pili liwe jembamba mpaka hadibodi ianze kuonekana. Kwenye ncha ya kila mstari changanya nyeupe kidogo.

Upande mnene hautakusaidia kitu. Yote manne ni meusi, na jicho la kawaida halitenganishi. Ukweli uko upande mwembamba. Masizi bado yanafunika. Unapata kijivu kizito na kilichoziba. Mkaa wa mifupa unalegea kidogo na kuonyesha ukahawia. Altramarini na amba inaanza kusema imeelemea wapi, bluu au kahawia. Krimzoni na thalo inafunguka kabisa: nyeupe ya chini inaonekana kupitia rangi, na ule uliokuwa weusi tii unageuka zambarau au kijani kutegemea ulichozidisha.

Hapo ndipo siri ya kukolea ilipo. Masizi ni nyeusi kweli, lakini weusi wake uko juu juu. Mwanga unafika kwenye uso wa rangi na safari inaishia hapo. Krimzoni na thalo zinapitisha mwanga. Mwanga unazama ndani ya tabaka, nyekundu inameza sehemu ya kijani, kijani kinameza sehemu ya nyekundu, na kinachorudi machoni ni kidogo mno. Ukitazama unahisi kuna kitu nyuma ya giza. Altramarini na amba iko kati: altramarini hupitisha mwanga vizuri, amba nusu nusu. Ukitaka mchanganyiko huo uzame zaidi, badilisha amba kwa oksidi ya kahawia ile inayopitisha mwanga, PR101.

Kwa kina peke yake, basi, krimzoni na thalo inaongoza, na haiko karibu na wenzake.

Lakini kina hicho chote hupotea mafuta ya rangi yakinyonywa chini. Utakuwa umepaka giza linalometa leo, ukirudi baada ya siku kadhaa unakuta kiraka kimefifia na kimekuwa cha chokaa. Tabaka la chini limenyonya mafuta, uso wa rangi umebaki mkavu, na sasa unatawanya mwanga badala ya kuumeza. Amba ndiyo mhalifu mkubwa wa jambo hili, hasa ukiwa umeilainisha kwa tapentaini. Usikimbilie kuongeza nyeusi juu yake. Rangi ikishakauka kwa kuguswa, pangusa kiraka kwa kitambaa chenye mafuta ya kitani kidogo sana, futa ya ziada, na kina kitarudi chenyewe. Vanishi ya mwisho nayo husaidia, ila hiyo husubiri rangi ikauke kwelikweli, miezi sita au zaidi kwa rangi nene. Kitambaa ulichotumia kitandaze nje kikauke, au kiloweke kwenye maji. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani vikirundikwa pamoja hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto bila kiberiti.

Joto na baridi

Hapa altramarini na amba haina mpinzani.

Tazama buibui kwenye jua, mwanamke anasubiri pantoni upande wa Kigamboni. Kitambaa ni cheusi kwa kila atakayeulizwa, lakini hebu kikodolee macho. Begani, panapotazamana na anga, ni kijivu cha bluu, tena chepesi kuliko unavyodhani; ukikilinganisha na mkoba wake mweusi wa ngozi utashangaa. Kwenye mikunjo inayoelekea chini, ambako mwanga unaruka kutoka kwenye mchanga na saruji, weusi una joto, unaelekea kahawia. Ndani kabisa ya mkunjo, pasipofikiwa na anga wala ardhi, ndipo penye weusi wenyewe, na ni mstari mwembamba tu. Kama buibui limefuliwa mara nyingi, ukahawia umeshaanza kutoka hata juani.

Ukichora vyote hivyo kwa nyeusi ya tyubu na nyeupe, unapata kijivu kimoja kinachopanda na kushuka. Maumbo yatakuwepo, kitambaa hakitakuwepo. Kwa altramarini na amba unafanya hivi: changanya bonge moja kubwa lisiloelemea popote. Anza na altramarini nyingi kuliko amba, kama sehemu mbili kwa moja, kisha rekebisha, maana nguvu za viwanda hazilingani. Ligawe mara tatu. La kwanza ongeza altramarini, hilo ni la begani. La pili ongeza amba, hilo ni la mikunjo ya chini. La tatu liache. Zote zimezaliwa na bonge moja, kwa hiyo zinapatana zenyewe pale zinapokutana, hata kama mkono wako bado mzito.

Krimzoni na thalo nayo ina joto na baridi yake, lakini haina subira. Ukizidisha kijani kwa ncha ya kisu, bonge lote limekwenda kijani. Ukizidisha nyekundu, limekwenda zambarau. Na ukitia nyeupe, kila kilichofichika kinajitokeza. Kijivu chake kinaweza kuwa kizuri ajabu, ila kinamtaka mtu aliyezoea. Nyeusi ya tyubu ina upande wake mmoja tu: ya mifupa ni ya joto kidogo ikiwa peke yake, ya masizi ni ya baridi, ya Mars ina ukahawia. Unaweza kuzielekeza kwa kutia altramarini au krimzoni kidogo ndani yake, na wengi hufanya hivyo. Hakuna ubaya.

Nguvu

Thalo itakutesa. Kiasi cha punje ya mchele kinatosha kubadilisha bonge la krimzoni la ukubwa wa kidole gumba, na kikigusa mpini wa brashi utakikuta baadaye kwenye shati, kwenye simu na kwenye anga la picha. Daima anza na krimzoni, peleka kijani ndani yake kidogo kidogo. Masizi nayo ni makali hivyohivyo. Mkaa wa mifupa ni mpole, na kwa anayeanza upole huo ni faida. Altramarini na amba zote ni za wastani na hazina hila.

Kukauka, na nini kikae chini

Mafuta ya kitani hayakauki kwa kuvukiza. Yanavuta oksijeni hewani na kugeuka taratibu kuwa utando, na kila rangi ina namna yake ya kuharakisha au kuchelewesha kazi hiyo. Manganizi iliyomo kwenye amba huharakisha. Tabaka jembamba la amba katika joto la Dar linaweza kuguswa baada ya siku moja au mbili. Altramarini peke yake hukawia, lakini ikiwa na amba inavutwa nayo. Alizarini huchelewa. Nyeusi za kaboni, ya mifupa na ya masizi, hunywa mafuta mengi wakati wa kusagwa na kwa kawaida hukauka polepole, ingawa viwanda vingine huzitia dawa ya kukaushia.

Ukishajua hilo, mpangilio unajipanga. Tabaka la chini linatakiwa kuwa na mafuta kidogo na kukauka upesi, la juu liwe na mafuta zaidi. Kwa hiyo kivuli cha mwanzo, kile cha kupanga picha, kipake kwa altramarini na amba iliyolainishwa kidogo kwa tapentaini, au kwa nyeusi ya Mars, ambayo haina mafuta mengi kama dada zake. Krimzoni na thalo iache ije mwishoni, tabaka jembamba, pale tu unapotaka giza lizame. Nyeusi ya mifupa au ya masizi ikitandazwa nene chini na kufunikwa kwa rangi inayokauka upesi, juu patakauka huku chini bado panatembea, na nyufa zitafuata.

Wazungu walilipa bei kubwa kwa somo hili. Karne ya 18 na 19 wachoraji wengi wa Ulaya walipenda rangi iliyotengenezwa kwa lami, kwa sababu ilitoa kahawia nzito inayopitisha mwanga, tamu kuliko zote. Lami haikauki sawasawa. Picha hizo zimetambaa, zimejikunja na kupasuka vipande vipande, na sehemu zake za giza ndizo zilizoharibika zaidi. Ukimsikia mtu anatafuta "weusi mtamu" kwa kuchanganya kitu cha barabarani au cha gereji kwenye rangi, mwambie aache.

Jua na dirisha

Alizarini iligunduliwa kutengenezwa maabara mwaka 1868 na Wajerumani wawili, Carl Graebe na Carl Liebermann, na kwa uzuri haijapungua hata leo. Kwa uvumilivu wa jua ni dhaifu. Tabaka nene hustahimili, lakini likiwa jembamba au likitiwa nyeupe huchujuka. Sasa fikiria nyeusi uliyoichanganya kwa PR83 na thalo. Thalo haichujuki. Nyekundu inaondoka polepole, kijani kinabaki, na vivuli vya picha yako vinaanza kuota ukijani ukutani kwa mteja. Sebule zetu nyingi zina madirisha mapana na pazia jepesi, mwanga wa jua ni mkali mwaka mzima. Kwa hiyo kama unachagua krimzoni na thalo, nunua PR177 au PV19 badala ya PR83. Hili sina mjadala nalo. Altramarini, amba na nyeusi zote tatu hazina tatizo hilo.

Kuna jambo jingine la mwanga linalotuhusu sisi wa huku. Mafunzo mengi ya uchoraji husema uweke paleti kwenye dirisha la kaskazini, kwa kuwa huko Ulaya jua halipiti upande huo na mwanga hautikisiki. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kuanzia mapema Machi hadi mapema Oktoba jua la adhuhuri liko kaskazini yetu, linaingia dirishani moja kwa moja. Kwa sehemu kubwa ya mwaka dirisha letu tulivu ni la kusini, na kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi mambo yanageuka. Rangi za giza ndizo zinazodanganya kwanza chini ya mwanga mbaya. Chini ya taa nyeupe ya LED mchanganyiko wa amba huonekana umeelemea bluu, unaongeza kahawia, asubuhi unakuta kivuli kimekuwa chokoleti. Maamuzi ya giza yafanye mchana.

Sasa ipi kwa kazi ipi

Kwa uso na mikono ya watu, chukua altramarini na amba, na utie krimzoni kidogo pale damu inapokaribia ngozi: puani, masikioni, kwenye viungo vya vidole. Mahali pa giza kuu, kama ndani ya sikio au chini ya kidevu, pitisha krimzoni na thalo iliyoelemea wekundu. Ule mng'ao wa bluu unaokaa kwenye paji la uso mweusi chini ya anga wazi utauchanganya kutoka kwenye altramarini ileile ya kivuli, na hapo ndipo picha inaposhikamana.

Kinyago cha mpingo, kama vile vya Mwenge, kichore kwa krimzoni na thalo. Kiini cha mpingo kina uzambarau na ukahawia ndani ya weusi wake, na kikishang'arishwa kinapata ule mzamo ambao nyeusi ya tyubu haiufikii. Hapa hata altramarini na amba huonekana ya unga unga.

Bahari usiku, ukiitazama kutoka Kigamboni na taa za mjini zikiwa ng'ambo, inaitaka bluu ya Prusia na siena kidogo. Usilifanye anga kuwa ndilo jeusi kuliko vyote. Mara nyingi maji yaliyo chini ya gati ndiyo yenye giza zaidi. Bluu hii ni kali karibu kama thalo, na ikiwa nene huleta mng'ao wa shaba unaoudhi, kwa hiyo ipake nyembamba.

Mikoko ni ya nyeusi. Ndiyo, ya tyubu. Mkaa wa mifupa na manjano ya udongo hutoa kijani kilichotulia, chenye tope ndani yake, ambacho kijani chochote cha tyubu hakikupi mpaka ukihangaikie. Tabia ileile inayoharibu shavu la mama wa Kariakoo ndiyo inayoyafanya majani ya mkoko yakae. Nyeusi pia naichagua kwa vitu bapa: pindo la kanga lenye maua meusi, maandishi ya ubavuni mwa daladala, fremu ya dirisha. Vitu hivyo havihitaji kina. Vinahitaji weusi unaofunika kwa mkono mmoja, na kuvichanganyia rangi nne ni kupoteza mafuta.

Kwa mwenye hela ya tyubu mbili tu nje ya nyeupe, jibu langu ni altramarini na amba, na siyumbi. Siku hizi altramarini ni moja ya bluu za bei nafuu. Zamani ilisagwa kutoka kwenye jiwe la lazuli lililochimbwa Badakhshani, Afghanistani, hata mwaka 1824 chama kimoja cha viwanda cha Ufaransa kikatangaza zawadi ya faranga 6,000 kwa atakayeitengeneza kiwandani. Jean-Baptiste Guimet akaichukua mwaka 1828. Tyubu ya tatu iwe PR177 au PV19. Nyeusi iwe ya mwisho, na ukinunua, nunua ya mifupa kwa mchanganyiko au ya Mars kwa tabaka la chini. Masizi ruka, isipokuwa una kazi ya maandishi.

Kama tayari una zile seti za tyubu 12 zinazouzwa steshenari, huenda huhitaji kununua kijani cha thalo. Kwenye seti nyingi za bei nafuu kijani kinachoitwa viridiani si viridiani ya kweli, ni PG7 iliyopewa jina la heshima zaidi. Krimzoni ya humohumo ndiyo ya kuichunguza. Ikiwa imeandikwa PR83, itumie kwa mazoezi, na picha ya mteja uinunulie nyingine.